Kuimarisha kiwiliwili na kutunza viungo ukiwa nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayoulizwa na watu wanaoanza mazoezi hayazidi matano, na kila wiki yanarudi karibu kwa maneno yaleyale: nipige sitapu ngapi kwa siku, planki (kujinyoosha kifudifudi ukitegemea vigasha na vidole vya miguu) nikae dakika ngapi, goti langu linalia ninapochuchumaa je niache, mgongo unaniuma nikikaa sana nifanye nini, na je ni lazima nilipie jimu. Nimeona ni afadhali niyajibu mahali pamoja na kwa mpangilio wa hatua, ili anayeanza leo awe na kitu cha kufuata kwa wiki nane bila kubahatisha.

Nianze na swali la sitapu. Nilipokuwa na umri wa miaka 23 nilipiga sitapu 200 kila alfajiri kwa miezi minne, kwa agizo la mwalimu mmoja aliyeamini kwamba tumbo likikatika basi mtu ameimarika. Tumbo lilikatika kweli. Mwezi wa tano nilikuwa navaa soksi nikiwa nimelala chali kitandani, kwa sababu mgongo ulikuwa umekataa kuinama. Sikujua kwamba kazi kuu ya misuli ya kiwiliwili ni kuuzuia mgongo usipinde ovyo wakati mikono na miguu inafanya kazi, na mimi nilikuwa nikiifundisha kuukunja mara 200 kila siku. Mtazame mtu aliyejitwika ndoo ya lita 20 akipanda kilima: miguu inakwenda, nyonga zinacheza kidogo, lakini mgongo na shingo vimetulia na maji hayamwagiki. Utulivu wa namna hiyo ndio unaofundishwa na hatua zilizo hapa chini.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Kwa kiwiliwili ninamaanisha sehemu yote iliyo kati ya mabega na mapaja: misuli ya tumbo kwa mbele, misuli ya ubavu, misuli inayopanda kando ya uti wa mgongo, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kwa juu, misuli ya sakafu ya nyonga kwa chini, na misuli ya matako ambayo wengi huisahau. Uti wa mgongo umesimama katikati yao kama mlingoti wa jahazi, na mlingoti hausimamishwi na kamba moja. Ukiikaza ya mbele na kuiacha ya nyuma ikilegea, utainama hata kama mti wenyewe ni mzima.

Kuhusu viungo, kumbuka kwamba gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama sifongo ndani ya maji. Kwa hiyo goti ambalo halifanyi kazi linakosa lishe, na goti linaloongezewa mzigo mkubwa kwa ghafla linaumia. Kinachotakiwa ni mzigo wa kiasi, unaorudiwa mara kwa mara na kuongezwa polepole.

Nani amwone daktari kwanza

Usianze mazoezi haya, bali nenda hospitali siku hiyohiyo, ikiwa maumivu ya mgongo yameambatana na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ganzi kwenye sehemu za siri na upande wa ndani wa mapaja, au mguu unaopoteza nguvu. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kupungua uzito nayo yanahitaji vipimo, kwa sababu kifua kikuu hushika uti wa mgongo pia, na watu hupoteza miezi mingi wakijipaka dawa ya kuchua huku pingili zikiliwa. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto hakifanyishwi mazoezi mpaka kijulikane kina nini.

Mwenye selimundu asiyachukulie maumivu ya nyonga kuwa uchovu wa kawaida, kwani ugonjwa huo unaweza kuzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Azungumze na kliniki yake kwanza, na siku za mazoezi anywe maji ya kutosha. Mwenye shinikizo la juu la damu apate ruhusa ya daktari, na katika hatua zote asibane pumzi. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, asubiri ruhusa ya mhudumu wake wa afya. Na akiona tumbo linatokeza mwinuko katikati kama mgongo wa samaki anapojaribu kuinuka kitandani, aiache hatua ya 4 mpaka misuli iliyoachana ipimwe.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji mkeka, pamoja na blanketi au kanga iliyokunjwa mara kadhaa ya kuweka chini ya magoti. Ukuta ulio wazi. Kiti cha mbao au cha chuma kisichoyumba, kilichoegemezwa ukutani, kwa kuwa viti vyepesi vya plastiki huteleza kwenye vigae. Mpini mrefu wa ufagio. Saa ya simu. Na daftari dogo. Unahitaji pia madumu mawili ya lita 5 yenye mifuniko inayobana na mishikio mizima. Dumu ni kifaa kizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na hivyo unaweza kuanza na kilo 2 na kuongeza nusu lita kila unapokuwa tayari, jambo ambalo vyuma vingi vya jimu havikuruhusu.

Tenga dakika 30 hadi 35, siku tatu kwa wiki zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau siku mbili za mazoezi ya nguvu kwa wiki, kwa hiyo ukikosa siku moja usijione umeharibu kila kitu. Usifanye mara tu unapoamka: usiku diski zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kuvimba, na kwa muda baada ya kuamka mgongo huwa mgumu na hauvumilii kukunjwa. Subiri kama saa moja, utembee na ufanye shughuli nyepesi kwanza. Usifanye pia ukiwa umetoka kushiba ugali.

Jipime kabla ya siku ya kwanza

Andika katika daftari vipimo vitatu. Cha kwanza, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, macho wazi, uhesabu sekunde hadi 30. Fanya kwa kila mguu. Cha pili, kaa kitini, kunja mikono kifuani, uhesabu unaweza kuinuka na kuketi mara ngapi kwa sekunde 30. Cha tatu, shika planki ya ubavu kama ilivyoelezwa katika hatua ya 5, upande wa kulia na wa kushoto, na uache mara umbo linapoharibika. Usijilinganishe na mtu mwingine. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya kulia na kushoto, kwani karibu kila mtu ana upande anaoupendelea bila kujua: fundi cherehani anayekanyaga kwa mguu mmoja, konda anayening'inia mlangoni kwa mkono uleule, mama anayembeba mtoto kwenye nyonga moja.

Hatua kwa hatua

1. Pasha mwili joto kwa dakika tano. Tembea papo hapo ukiinua magoti, zungusha mabega, zungusha nyonga kwa duara pana. Kisha piga magoti na viganja chini, upinde mgongo juu kama paka aliyeshtuka na kuushusha taratibu, mara sita tu. Harakati hii ni ya kulainisha, kwa hiyo usisukume hadi mwisho wa uwezo wako.

2. Jifunze kukaza tumbo bila kubana pumzi. Hatua zote zinazofuata zimesimama juu ya hii, nayo ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu haitoi jasho. Lala chali, kunja magoti, weka ncha za vidole kwenye tumbo, upana wa vidole viwili kuelekea ndani kutoka kwenye mifupa ya mbele ya nyonga. Kohoa kidogo. Utahisi misuli ikigonga vidole vyako. Sasa ikaze hivyohivyo bila kukohoa, kwa nguvu ndogo, kama mtu anayejiandaa kutekenywa, na uhesabu moja hadi kumi kwa sauti. Ukishindwa kutoa sauti umebana pumzi, na kama kitovu kimezama kuelekea mgongoni umenyonya tumbo badala ya kulikaza. Tumbo lililokazwa vizuri huwa gumu pande zote, hadi kiunoni, bila kubadilika umbo sana. Rudia mara tano. Wiki ya kwanza unaweza kuitumia yote kwa hatua hii na ya tatu, na hutakuwa umepoteza muda.

3. Inama kwa nyonga, si kwa mgongo. Simama, weka mpini wa ufagio wima mgongoni, mkono mmoja ukiushika nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya kiuno. Mpini uguse mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega na kifandugu. Kunja magoti kidogo, kisha sukuma matako nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa, na kifua kishuke chenyewe. Nyonga ni bawaba; mgongo ni ubao wa mlango, na ubao haukunjiki. Pale mpini unapoacha kugusa mahali pamoja kati ya hapo patatu, simama, hapo ndipo mwisho wako wa leo. Fanya mara nane, mizunguko miwili. Baada ya wiki mbili anza kuinama hivyo unapookota ndoo, unapotandika kitanda na unapofagia uwanja kwa ufagio mfupi wa chelewa, ambao kwa kweli umeumiza viuno vingi kuliko jimu zote za mjini. Ukiweza, ufunge kwenye mpini mrefu.

4. Inua kichwa na mabega. Hatua hii na mbili zinazofuata zinatokana na mazoezi matatu yanayofundishwa na Stuart McGill, mtafiti wa uti wa mgongo na profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada. Lala chali, nyoosha mguu mmoja na kunja mwingine, weka viganja chini ya kiuno ili kulinda mpindo wake wa asili. Kaza tumbo kama ulivyojifunza, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu, kana kwamba vimelala juu ya mzani na unataka usome sifuri. Kaa sekunde 10 ukipumua, shuka. Fanya mara tano, pumzika, mara tatu, pumzika, mara moja. Badilisha mguu katikati ya kazi. Onyo: ukijikuta umekaa, umepiga sitapu.

5. Planki ya ubavu. Lala ubavu, weka kiwiko moja kwa moja chini ya bega, kunja magoti hadi nyuzi 90, kisha inua nyonga mpaka bega, nyonga na goti vikae kwenye mstari mmoja. Kaa sekunde 10, shuka, rudia. Mara tano, tatu, na moja kwa kila upande. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni nyonga kurudi nyuma ukawa umekaa kama mtu aliye kwenye kiti cha uvivu. Lisahihishe kwa kusukuma nyonga mbele kabla ya kuinua. La pili ni bega kuzama hadi sikioni. Sukuma ardhi kwa kigasha ili bega lishuke kuelekea mfukoni. Ukiweza kumaliza idadi yote bila kutetemeka kwa wiki mbili mfululizo, nyoosha miguu na utegemee nyayo badala ya magoti. Anza kila mara na upande ulio dhaifu, na upande wenye nguvu usizidishe idadi ya ule dhaifu. Kwa sheria hii moja pande mbili husogeleana bila zoezi la ziada.

6. Mkono na mguu wa upande mwingine. Piga magoti na viganja chini, mgongo umetulia. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, hadi usawa wa mwili na si zaidi. Kaa sekunde 10, rudisha, badilisha. Idadi ni ileile ya tano, tatu na moja. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno. Kikianguka, ama umeinua mguu juu mno ama nyonga imegeuka. Wengine hucheka wanapoambiwa hivi, kisha humwaga maji mara ya kwanza.

7. Daraja la matako. Lala chali, kunja magoti, visigino karibu na makalio, kaza matako na inua nyonga hadi mapaja na kifua vilingane. Kaa sekunde 3, shuka kwa sekunde 3. Mara kumi, mizunguko mitatu. Ukihisi mkazo nyuma ya mapaja badala ya matakoni, sogeza visigino karibu zaidi. Ukihisi kiunoni, umeinua juu mno.

8. Chuchumaa hadi kitini. Simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo. Sukuma nyonga nyuma na shuka polepole kwa kuhesabu tatu mpaka uguse kiti bila kujitupa, kisha inuka. Goti lielekee upande wa kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, sogeza miguu na punguza kina. Mara nane, mizunguko mitatu. Goti kupita mbele ya vidole si dhambi kama wengi walivyoambiwa, mradi kisigino kimekaa chini na hakuna maumivu. Anayetumia choo cha kuchuchumaa tayari ana kina ambacho watu wa viti hukitafuta kwa miaka, asikipoteze.

9. Sukuma kidogo, vuta zaidi. Kusukuma ni pushapu za ukutani, na baadaye za kwenye kiti kilichoegemezwa, mara nane. Kuvuta ni hivi: weka mkono mmoja juu ya kiti, inama kwa nyonga kama hatua ya 3, shika dumu kwa mkono mwingine na ulivute kuelekea mfuko wa suruali, kiwiko kikipita karibu na mbavu, mara kumi kila mkono. Kwa mtu anayekaa siku nzima mbele ya kompyuta, cherehani au usukani, fanya mizunguko miwili ya kuvuta kwa kila mmoja wa kusukuma, kwa maana kifua chake tayari kimefupika na nyuma ya mabega imelegea. Pushapu peke yake, zikipigwa mwaka mzima, zinaweza kuyavuta mabega mbele na kuyaletea maumivu.

10. Beba dumu upande mmoja. Shika dumu moja kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa mtupu, na utembee hatua 20 kwenda na 20 kurudi, ukiwa wima kana kwamba hujabeba kitu, kisha badilisha. Ubavu wa upande usio na mzigo ndio unaofanya kazi, na utausikia. Sikiliza maji: yakipiga kelele ndani ya dumu unayumba. Mwanzoni wengi huegemea upande mwingine, kama mtu anayetoka bombani na ndoo moja, na hilo ndilo hasa tunalolifuta. Ongeza uzito hadi dumu la lita 10 kabla ya wiki ya nane ikiwa mgongo na bega vinaruhusu.

11. Nyanyuka kwa vidole. Shika ukuta, panda kwa vidole vya miguu, shuka kwa sekunde 3, mara 12, mizunguko miwili. Malizia kwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 20 kila upande. Kifundo cha mguu kikiwa dhaifu, goti na nyonga hufanya kazi yake.

Namna ya kuongeza

Wiki ya 1 na ya 2, fanya hatua za 1 hadi 7 peke yake. Wiki ya 3 hadi ya 5, ongeza hatua za 8 na 9. Wiki ya 6 hadi ya 8, ongeza za 10 na 11, na wakati huo mizunguko ya hatua ya 7 inaweza kupungua hadi miwili ili muda utoshe. Badilisha kitu kimoja kwa wiki: ama uzito, ama idadi, ama ugumu wa umbo. Misuli huimarika haraka kuliko kano zinazoiunganisha na mifupa, na ndiyo sababu watu wengi huumia pale wanapojisikia wana nguvu na kuongeza vitatu kwa pamoja.

Tumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna na 10 ni yasiyovumilika. Maumivu yasiyozidi 3 wakati wa zoezi, yanayokuwa yamerudi katika hali yake ya kawaida kufikia asubuhi inayofuata, yanakubalika. Yakizidi hapo, au yakiwa makali kama kuchomwa, au yakishuka mguuni, punguza au acha zoezi hilo. Na usimeze dawa ya maumivu ili uweze kumaliza mazoezi, kwa kuwa utakuwa umemnyamazisha mlinzi mwenyewe.

Planki ya dakika tano inayopigiwa makofi mtandaoni haimo katika ratiba hii kwa makusudi. Sekunde 10 zenye umbo safi, zikirudiwa, hujenga ustahimilivu bila kuulemea mgongo; baada ya dakika ya pili wengi huwa wamening'inia kwenye viungo vya kiuno, na misuli imeshaondoka kazini. Mikanda ya kubana tumbo nayo iache sokoni. Inakufanyia kazi ambayo umekuja kuifundisha misuli yako.

Mambo yakikwama

Goti linalia bila kuuma. Sauti pekee si ugonjwa, endelea. Ikiwa goti linalia na kuvimba, au linakwama lisiweze kunyooka, lipimwe.

Goti linauma mbele, hasa unaposhuka ngazi. Weka mto juu ya kiti ili kupunguza kina katika hatua ya 8, ongeza mzunguko mmoja wa hatua ya 7, na kwa wiki mbili shuka ngazi ukishika ukingo. Kama uzito umezidi, utafiti kwa watu wanene wenye magoti yaliyochakaa uliona kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa takribani kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, kwa hiyo kilo tatu si jambo dogo kama zinavyoonekana kwenye mzani.

Kiuno kinauma wakati wa hatua ya 6 au ya 7. Karibu kila mara mguu au nyonga imeinuliwa kupita kiasi. Shusha nusu, rudi hatua ya 2 kwa siku mbili, kisha jaribu tena. Katika hatua ya 6 unaweza kunyoosha mguu peke yake na kuacha mkono chini.

Mgongo unauma ukikaa sana. Hakuna zoezi la nusu saa linalofidia saa nane za kukaa umejikunja. Inuka kila baada ya dakika 30 hadi 40, nyoosha mikono juu, tembea hatua chache, keti tena. Dereva wa bodaboda au wa daladala afanye hivyo kila anaposubiri abiria. Pia acha ile tabia ya kugusa vidole vya miguu kila asubuhi ili "kuufungua" mgongo unaouma. Nafuu yake hudumu muda mfupi tu, na kidonda kinachokwanguliwa kila siku hakifungi.

Shingo inachoka katika hatua ya 4. Unavuta kidevu. Bandika ulimi kwenye kaakaa, tazama dari mahali pamoja, na uinue kwa kiasi kidogo kuliko hata kile ulichodhani ni kidogo.

Viganja au vifundo vya mikono vinauma katika hatua ya 6. Kunja ngumi na uitegemee, au tegemea vigasha juu ya blanketi lililokunjwa.

Misuli imekaza siku ya pili. Ni kawaida kwa siku moja hadi tatu, hasa mapajani na matakoni. Tembea, kunywa maji, na ukifika siku ya mazoezi bado unashuka kitini kwa kushika meza, fanya hatua ya 1 hadi ya 3 tu.

Upande mmoja bado ni dhaifu baada ya wiki sita. Tafuta chanzo nje ya mkeka: begi linaloning'inia bega lilelile, pochi nene inayokaliwa kwenye mfuko wa nyuma, kiti cha gari kilichobonyea upande mmoja, mtoto anayebebwa nyonga moja. Rekebisha hicho, kisha mpe upande dhaifu mzunguko mmoja wa ziada katika hatua ya 5 na ya 10. Tofauti ikiambatana na ganzi au mguu unaokonda, mwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Umekosa wiki nzima kwa safari, msiba au homa. Usianze upya, na usifidie kwa kufanya mara mbili. Rudi kwenye uzito na idadi ya wiki iliyotangulia ile uliyoachia, fanya siku mbili, na siku ya tatu endelea pale daftari lilipoishia.